Ule wimbo wa "dum dum pa" tunaougonga Nangwanda ulitoka wapi hasa?

Mwana_Shangani

Wakuu habari za jioni. Kuna swali linanisumbua tangu mechi ya wikiendi hapa Mtwara, uwanja wa Nangwanda Sijaona. Vijana wa chuo walijaa jukwaa la upande wa pili, timu ikishambulia tu wao wanagonga miguu mara mbili afu kofi moja, dum dum PA, dum dum PA, mara uwanja mzima umeingia, hadi wauza karanga wameweka beseni chini wanapiga makofi. Na wanachojua ni kile kiitikio tu cha We Will Rock You, mistari mingine yote wanaitafuna, kuna mmoja nyuma yangu aliimba Kimakonde mwanzo mwisho na hakuna aliyemshangaa.

Sasa baada ya mechi kijiweni Magomeni ikawa kesi. Mmoja anasema ule ni wimbo wa Tanzania kabisa maana mwimbaji mtu wa Zanzibar. Wa pili anabisha, ati ulitungwa kwa ajili ya Kombe la Dunia. Wa tatu huyu kaangalia muvi, anaapa waliutunga miaka ya 80 na yule mwenye sharubu aliwakuta wenzake studio wanagonga miguu akawa hawaelewi. Tukaachana hivyo hivyo kila mtu na lake.

Ninachotaka kujua mimi: nani aliutunga, kwa nini ukiusikiliza vizuri hauna dramu wala kinanda wala nini mpaka mwishoni kabisa linapoingia gita, na kwa nini ukipigwa redioni lazima ufuatiwe na ule wa mabingwa, We Are the Champions, hauachwi peke yake hata siku moja. Wajuvi karibuni, matusi hapana.

PwezaMkavu

Nimetandika mkeka hapa mbele. Ila hilo la Kombe la Dunia mfute mapema, mzee wangu alikuwa na kanda ya hao jamaa wa Queen kabla mimi sijazaliwa, na hakuwa mtu wa mpira hata kidogo. Ngoja waje.

Kinyozi_Ligula

Mkuu Mwana_Shangani hii mada umeileta mahali pake, mi hapa kibandani hao jamaa nawapiga kila Jumapili mpaka wateja wananilalamikia.

Queen ni bendi ya roki ya Uingereza, ilianza London 1970. Freddie Mercury sauti na piano, Brian May gita, Roger Taylor dramu, John Deacon besi, huyu wa mwisho aliingia 1971. Watu wakisikia Queen wanamuona Freddie tu, kwa hiyo kila wimbo wanampa yeye, wakati wote wanne walikuwa watunzi na kila mmoja ana wimbo wake uliotamba dunia nzima. Huu wa dum dum pa ni wa Brian May, mpiga gita. Wa mabingwa ndio wa Freddie. Hapo kijiweni wote watatu wamekosa.

Chanzo chenyewe ni shoo moja. Tarehe 29 Mei 1977 walipiga Stafford, sehemu inaitwa Bingley Hall, ukumbi mkubwa ulioko kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo, yani chukulia mtu anapigia shoo viwanja vya Nanenane kule Ngongo. Watu siku hiyo waliimba kila kitu, sio kiitikio tu, mistari yote, Freddie anaimba na wao wanaimba juu yake. Bendi ikamaliza ikashuka jukwaani, badala ya watu kupiga mayowe ya kutaka nyingine wakaanza kuimba wenyewe You'll Never Walk Alone, ule ambao mashabiki wa Liverpool wanauimba uwanjani kwao. Bendi iko nyuma ya jukwaa inaimbiwa na watu waliokuja kuimbiwa. Kina May wanasema hawakuwahi kukutana na kitu cha namna hiyo.

Unajua zamani hizo bendi nyingi za roki ziliona shabiki kuimba kwa sauti ni usumbufu, umelipa kiingilio kaa usikilize. Na Queen wenyewe mwanzoni walikuwa hivyo hivyo. Baada ya Stafford wakajiuliza, mbona tunapigana na hili jambo, si tuwape watu kazi ya kufanya. May anasema alilala, asubuhi kaamka na ule mdundo kichwani. Alijiuliza watu wamebanana namna ile, mkono huwezi hata kuunyoosha, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kugonga miguu, wanaweza kupiga makofi, wanaweza kuimba. Basi, wimbo ndio huo, hauna kitu cha nne. Freddie naye akaja na wake kwa fikra hiyo hiyo.

Singo ikatoka Oktoba 1977, upande A mabingwa, upande B dum dum pa. Mwisho wa mwezi huo huo ikatoka albamu, News of the World, na humo wa kwanza ni dum dum pa, wa pili mabingwa, vimefuatana bila nafasi ya kupumua. Watangazaji wa redio Marekani wakawa wanaacha sindano iendelee tu, watu wakazoea, leo hii ukiupiga mmoja ukazima hapo mtu anahisi umemkatia maneno. Singo yenyewe Uingereza ilifika namba 2, Marekani namba 4.

PwezaMkavu

Kumbe. Sasa na huyu wa muvi tunamjibuje?

Kinyozi_Ligula

Mwambie ile muvi ya 2018, Bohemian Rhapsody, nzuri sana kuangalia na yule jamaa aliyemuigiza Freddie alistahili ile Oscar, lakini tarehe zimevurugwa makusudi ili hadithi iende. Freddie wa 1977 alikuwa na nywele ndefu, sharubu hana kabisa. Mimi ni kinyozi, kwenye hili sibishani na mtu.

FundiSpika_Masasi

Swali la pili ni la kwangu. Mimi nina kastudio kadogo hapa Masasi, narekodi kwaya na vijana wa singeli, na huu wimbo ndio nawapa wanaojifunza kwangu wausikilize kwa hedifoni kabla hawajagusa kitu.

Walirekodi Wessex, studio ya kaskazini ya London iliyokuwa kanisa zamani, kwa hiyo dari liko juu na chumba kina mvumo wake. Wakakuta mbao zimelala mle ndani, wakazipanga, wakaanza kuzigonga kwa miguu na kupiga makofi. Dramu hakuna kwenye rekodi nzima, Roger Taylor mpiga dramu mwenyewe alikuwa anagonga mbao na wenzake. Wakarudia mara nyingi, kila mara wanaweka juu ya ile ya mwanzo, watu wachache wakawa wengi.

Sasa hapa ndio utamu, vijana wangu huwa wanadhani pale wameweka riva au eko, yani mwangwi wa mashine, wakamaliza. Hapana. Brian May alisoma fizikia, alikuwa anaandika PhD ya vumbi linalozunguka jua, akaiacha sababu ya muziki akaja kuimaliza 2007, chuo kile kile alichoanzia, Imperial College ya London. Kwa hiyo alijua ukiweka eko ya kawaida sikio linagundua mara moja, sauti inajirudia kwa vipimo sawa, unasikia ni pango. Alichofanya, kila safu ya makofi akaichelewesha kidogo kwa muda tofauti, na hiyo mida akaipanga kwa uwiano wa namba tasa, zile za darasani, ili isije ikaangukiana mahali pamoja. Ndio maana ukiweka hedifoni hausikii mwangwi, unasikia watu, wengine wako karibu na wewe, wengine nyuma kabisa. Hesabu ile mtu ameisoma kwa ajili ya nyota akaja kuitumia kwenye makofi. Nikiwaambia vijana hapa msiache shule wanacheka.

Na lile gita la mwisho: May alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, walianza 1963, shingo yake ni mbao ya meko ya zamani ya kuotea moto. Na hapigi kwa kipande cha plastiki kama wengine, anapiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Watu wa Kilwa mnaouza mpingo ukatengenezewe klarineti huko Ulaya mnaelewa mbao ni nini kwenye muziki. Nyimbo nyingi solo inakuwa katikati afu mnarudi kwenye kiitikio, yeye kaiweka mwisho, ikilia mpaka ikakatika wimbo umeisha hapo hapo, haurudi. Dakika mbili na sekunde chache tu jumla. Mimi naona pale alikuwa anawaambia watu, nyie mmeshamaliza kazi yenu, sasa nipisheni na mimi kidogo.

Mzee_Mikindani

Vijana hamjambo. Hili la Zanzibar lisipite hivi hivi kwa sababu yule wa kijiweni ana nusu yake.

Freddie alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake Waparsi wenye asili ya Gujarat India, baba yake alikuwa keshia katika serikali ya Waingereza pale Unguja. Akiwa na miaka minane wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, huko ndiko alikojifunza piano sawasawa na kuwa na kikundi cha wanafunzi cha muziki. Akarudi Unguja kijana, muda mfupi Mapinduzi ya 1964 yakatokea, familia ikahamia Uingereza, mji wa Feltham karibu na London. Alikuwa na miaka 17. Kwa hiyo ni mtoto wa Zanzibar kwa kuzaliwa na hilo hakuna wa kumnyang'anya, nyumba ya makumbusho yake ipo tangu 2019, ipo Shangani, Shangani ya Unguja Mwana_Shangani usije ukatoka hapo kwenu na baiskeli kuitafuta.

Lakini wimbo huu hauna Zanzibar ndani yake, sio yeye aliyeutunga, na yeye mwenyewe hakupenda sana kuzungumza habari za utotoni kwake. Sisi watu wa pwani tuna tabia hii, mtu akipata jina kubwa nje tunamvuta arudi na mizigo yote hadi isiyo yake.

Mwana_Shangani

Shikamoo mzee. Nimecheka hapo kwenye baiskeli. Nikifika kijiweni kesho naanza na wewe.

Likuti_la_Newala

Samahanini nyie wote mnaosifu, mimi naona mzungu kapongezwa kwa kitu ambacho bibi yangu anakijua. Kugonga mguu, kupiga kofi, mmoja anatoa watu wanaitikia, hiyo si ndio ngoma? Nendeni kwenye unyago au sindimba ikichanganya muone kama kuna mtu amesimama anatazama. Sisemi ameiba, nasema msitushangaze.

FundiSpika_Masasi

Kaka Likuti hoja yako ina uzito ila angalia tofauti hapo. Kwenye sindimba kuna wapigaji, hao ni mafundi, ngoma zao wamezipasha moto zikakaza, kila moja na sauti yake na kazi yake, na mchezaji anafuata ngoma. Mimi nimewahi kurekodi, ukikosa kuweka maiki kwenye ile ngoma ndogo inayoongoza hauna kitu. Mtazamaji anapiga makofi ndio, lakini akinyamaza ngoma inaendelea. Kwa Queen ni kinyume chake, watu wakinyamaza hakuna wimbo, Freddie anabaki anaongea peke yake. Alichofanya May ni kuwanyima watu wapigaji kwa makusudi.

Likuti_la_Newala

Sawa hapo umenifunga mdomo nusu. Nusu nyingine nabaki nayo, mdundo wenyewe mtoto wa miaka mitatu huku Newala anaucheza bila kufundishwa.

FundiSpika_Masasi

Na ndivyo alivyokuwa anataka.

Dada_Nachingwea

Mimi nauliza huu wa mabingwa mbona watu wanausema vibaya? Kuna mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akisema ni wimbo wa majivuno, bendi inajisifia yenyewe.

Kinyozi_Ligula

Dada hiyo lawama ni ya tangu ulipotoka, magazeti ya Uingereza yaliwasema sana, na mwaka wenyewe 1977 ndio muziki wa panki umeshika kasi, bendi kubwa za roki zote zinaonekana zimevimba kichwa. Freddie akajieleza kwamba akiuandika alikuwa anafikiria mpira wa miguu, alitaka wimbo ambao mashabiki wataushika uwe wao. Na ukiangalia maisha yake hayo yametimia, leo timu ikibeba kombe popote pale ule wimbo unapigwa na hakuna mchezaji anayefikiria Queen, kila mtu anajiimbia mwenyewe. Kwangu mimi majivuno hayapo, ila nakubali yule mwimbaji alikuwa anajipenda, hilo halifichiki.

Halafu nyimbo hizi mbili ndizo walizokuwa wanafungia shoo. Tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, watu zaidi ya 70,000, walipewa kama dakika ishirini tu na wakamalizia na hizo hizo, dum dum pa kipande, kisha mabingwa. Iko mtandaoni itafuteni, angalieni mikono ya watu tu, hata Freddie muacheni.

MwlMichezo_Lindi

Nimesoma yote, mmeelezea vizuri. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari huku Lindi na naongea kama mtu ambaye kila mashindano ya shule ananyweshwa huu wimbo, uwanja wa Ilulu nimeusikia vizuri na nimeusikia vibaya, na nimejua kwa nini mara nyingine unaharibika.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Uwanja una urefu wa kama mita 100, kwa hiyo kofi la upande ule linakufikia karibu theluthi moja ya sekunde limechelewa. Wimbo wa haraka hapo umeshakufa, upande huu wako mbele, upande ule nyuma, inakuwa mvua ya makofi. Huu wa Queen unakwenda polepole, mapigo kama 80 kwa dakika, na baada ya kofi kuna nafasi tupu ya karibu robo tatu ya sekunde, hapo aliyechelewa anafika, aliyewahi anasubiri, wote wanaanza tena pamoja. Ile nafasi ya kimya baada ya PA ndio inaushikilia uwanja. Watoto wakipata goli wanapandwa na mori wanaijaza ile nafasi, wanagonga haraka haraka, sekunde kumi tu hakuna kitu tena.

Queen wenyewe walikuwa na namna ya haraka ya huu wimbo, na dramu na gita tangu mwanzo, walikuwa wanaufungulia shoo miaka ile ya mwisho ya 70. Ni mzuri kwa kusikiliza, roki yenyewe. Lakini wasikilize watu kwenye hizo rekodi, wanashangilia tu, hakuna anayeweza kuushika.

PwezaMkavu

Mwalimu nilikuwa naomba ufundishe fizikia wakati nasoma mimi, ningefaulu.

Mwana_Shangani

Wakuu nimeshiba, naprinti hii naibandika kijiweni. Mwalimu swali la mwisho, Jumamosi tuna mechi tena na vijana wananiomba niwaongoze, sasa yale mashairi ya Kiingereza hakuna anayeyajua, tunaweza kuweka maneno yetu? Na aanze nani, mwenye tarumbeta au?

MwlMichezo_Lindi

Maneno wekeni yenu, mashairi ya mle ndani yana beti tatu, moja ya mtoto, moja ya kijana, moja ya mzee, na hata Wembley nusu ya watu walikuwa wanasubiri kiitikio. Tafuta silabi chache zenye irabu wazi, jina la timu likiwa refu likate.

Tarumbeta muweke pembeni kwanza, akipuliza tu watu watamfuata yeye na yeye atakimbia. Anzeni watu kama thelathini mmekaa pamoja katikati ya jukwaa, msitawanyike, miguu tu bila kuimba, mpaka mmesikia jukwaa lote limeingia. Kofi lipigwe juu ya kichwa ili wa mbali wanaofuata kwa macho wasisubiri sauti iwafikie, hilo ndilo lilinisaidia zaidi ya yote. Kuimba baadaye kabisa. Na timu ikifungwa goli msianze wakati huo, subirini kona.

Likuti_la_Newala

Na mkae upande wa jua. Upande wa kivuli wanakaa wageni waalikwa, wale hata ukiwapa soda hawapigi kofi.